Utepe Juu ya Mtama

Kambini, Ngara
8 Juni 1997

Mume wangu, Baba Diane,

Pokea salamu zetu. Diane sasa anasoma bila kufuatisha kwa kidole. Mimi mzima, ila kifua tu.

Kuna jambo naona aibu kukwambia. Siku tuliyokimbia ulinikabidhi begi la kanda zako za video, ukasema unarudi kufunga mlango. Nilizibeba zote kumi, zile filamu za zamani zisizo na rangi, za wanaume wenye kofia wanaokimbia mvuani hadi kwenye kichochoro kisicho na pa kutokea. Hapa hakuna umeme. Deki ya kuzionyesha iko kijijini Mbuba, na kutoka kambini bila kibali ni kosa.

Ndege nao wanatumalizia mtama shambani. Utepe wa kanda ukitandazwa juu ya mtama unang'aa na kuvuma, wanaogopa. Basi kila msimu nimefumua kanda moja, mbili. Nisamehe. Najua ulivyozitafuta Bujumbura nzima.

Jirani yetu Nshimirimana alifika wiki iliyopita kutoka nyumbani. Nilimwuliza habari zako. Akaniuliza mtama wangu utakomaa lini.

Imebaki kanda moja, ile uliyokataa kunisimulia mwisho wake mpaka tuitazame pamoja. Utepe wa shambani umekatikakatika kwa upepo. Diane ameniletea mkasi mara mbili, na mara mbili nimemwambia aurudishe.

Ndege wako shambani hivi sasa, nawasikia. Waache wale.

Mkeo,
Leonsia