Tangu Uondoke, Kulia Hakuruhusiwi

Dada Ansila,

Kwenye baraza lako pale Sinza sasa wanauza chaja na makava ya simu. Mwenye nyumba hakungoja hata arobaini yako ipite. Nilipita Jumapili nikayaona mabenchi yetu yameegeshwa ukutani, mvua inayapiga, nikaendelea na safari yangu kama vile simjui mtu pale. Nakuandikia wewe kwa kuwa kuna mambo nikiyasema kwa walio hai nanyamazishwa. Na kwa kuwa naogopa.

Kikundi chako hakijafa. Kingekufa ningelia, yakaisha. Kimekua, Dada. Kimekua mpaka kimenitisha.

Unakumbuka watu walivyokuwaga wanakucheka ulipojiita kocha wa maisha? "Kocha wa timu gani huyu, hana hata filimbi!" Wewe unacheka nao, halafu unawaeleza taratibu hiyo saikolojia chanya yako: kwamba tumezoea kumuuliza mtu ameharibika wapi, ila wewe unataka kujua pia ni kipi ndani yake bado kinaota, ili akimwagilie. Kila Jumamosi ulituuliza ni jambo gani limekwenda vizuri wiki hii, na mkono wetu ulikuwa wapi katika jambo hilo. Lakini kabla ya swali hilo ulikuwa na lingine. "Nani kaja na mzigo?" Hukuliruka hata siku moja. Mie nilikuwa mwanafunzi wako, nabeba viti na kuchemsha chai, na ndicho kitu cha kwanza nilichojifunza kwako: mzigo kwanza, mazuri baadaye.

Mzee Likumbo yule mchonga vinyago, siku ya kwanza alipofika, alikaa na kofia yake magotini akasema, "Mie mke wangu kafa, na mikono haitaki tena kushika mpingo. Zuri sina." Tukakutazama tuone utamjibu nini. Ukasema, "Basi kaa nalo hilo baya, Mzee wangu. Na sie tutakaa nalo." Hukumpa zoezi lolote siku ile. Ilimchukua muda mrefu kusema kwamba amechonga kijiko. Kijiko tu! Tulimshangilia kama kachonga nyumba, naye akaficha uso kwa kofia.

Ulipoanguka asubuhi ile, ukafia njiani kabla ya kufika hospitali, Kaka Deo ndiye aliyeshika kila kitu. Unamjua Deo, mkono wako wa kulia tangu mwanzo. Alisafirisha mwili wako hadi Mbinga, akasimama kaburini amenyooka, hakudondosha chozi. Tuliporudi akatukusanya barazani. Sie tunalia, yeye akapiga makofi mara moja, kwa nguvu. "Basi! Dada asingependa atukute tunalia. Leo mazuri tu."

Siku ile nilielewa. Hata mie nilihitaji mtu wa kunifuta machozi. Lakini wiki iliyofuata ikawa hivyohivyo, na iliyofuata. Swali lako la mzigo likafa nawe. Tukahamia ukumbi wa gesti moja hukohuko Sinza, kukabandikwa bango: HAPA NI MAZURI TU. Aliyeanza kusema mtoto wake kafukuzwa shule alikatwa kwa makofi. Anapigiwa makofi mpaka anyamaze, halafu anaambiwa aanze upya. Na watu wakajaa, Dada. Wanatoka Mbezi Beach na magari yao, wanatoka Temeke. Wanasimama mmoja mmoja wanasema wako safi, na ukumbi unaitikia, "Safi!" Ukiwa umekaa nyuma kama mie, unaona migongo yao. Mgongo haujui kudanganya. Niliitazama migongo ile nikajua kuna kitu kinakuja. Sikujua kitaanzia kwa nani.

Kilianzia kwa Mzee Likumbo.

Baada ya msiba wako alikuwa amerudi kule kwenye giza lake. Anakaa, hasemi, anatoka. Kisha Jumamosi moja akaja amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, anacheka na kila mtu. Akasimama mbele. "Niko safi sana, ndugu zangu. Sina mzigo tena." Akafungua mfuko wake, akaanza kugawa. Patasi za baba yake. Tezo ya kuchongea aliyokuja nayo kutoka Newala ujanani. Mie akanipa kile kijiko. "Kitunze, mwanangu."

Ukumbi ulilipuka. Deo akamkumbatia. "Mnaona? Huu ndio moyo wa shukrani!"

Mie sikupiga makofi. Nilisikia sauti yako kama umeniinamia begani, maneno uliyoniambia tulipotoka kumwona yule binti wa Mwananyamala aliyetaka kujiua: "Zuhura, mtu aliyekaa gizani muda mrefu, halafu ghafla anang'aa na kuanza kugawa vitu anavyovipenda, usimpigie makofi. Muulize. Tena muulize waziwazi kama anafikiria kufa. Kuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Kunamfungulia mlango."

Nikamvuta Deo pembeni, nikamwambia. Akanitazama kama nimemtukana. "Zuhura, mtu kapona mbele ya macho yako, wewe unamtafutia jeneza? Usituletee mkosi."

Nilimwacha palepale, nikamfuata Mzee nyumbani kwake, maana alikuwa keshaondoka. Ilikuwa mchana, jua kali, watoto wa jirani wanacheza muziki wa singeli uani. Mlango wake ulikuwa wazi. Chumba kimefagiliwa, godoro limeviringishwa, nguo zimekunjwa zikapangwa juu ya kiti. Kuku wake keshawagawa. Alikuwa amekaa sakafuni, mikono mitupu.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umenikuta nimeshamaliza kupanga."

Nikakaa chini mbele yake, nikamwuliza vilevile ulivyonifundisha, bila kuzunguka. "Mzee wangu, unafikiria kujiua?"

Tabasamu lilimtoka usoni taratibu, kama mtu anayevua shati lililombana. Halafu akasema kwa sauti ndogo sana, "Mbona siku zote hizi hamkuniuliza?"

Akalia. Nilimshika mikono, sikumwambia lolote zuri. Sikuwa nalo. Nilimpigia simu dada yake, Bi Sofia, yule wa Temeke, na hatukumwacha peke yake hata kidogo mpaka akaja. Tukaenda naye hospitali. Daktari alimsikiliza muda mrefu, akamlaza. Siku hizi anakaa kwa Bi Sofia, anatumia dawa, anarudi kliniki kuongea. Sitakwambia amepona. Kuna siku anamfundisha mpwawe kushika patasi, na kuna siku anageukia ukuta. Lakini yupo, Dada. Yupo.

Nilifikiri giza limepita. Nikaenda kumpa Deo habari, nikitegemea atashtuka, au atakasirika, au ataniomba radhi. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu.

"Mie niko safi, Zuhura. Usiwe na wasiwasi na mie."

Lakini sikuwa nimemwuliza habari zake.

Ndipo nikaanza kumwangalia. Amekonda, anasahau majina ya watu aliokaa nao miaka. Juzi kampa mlinzi wa gesti vile viatu vyake vizuri, anavyovivaaga siku za sherehe. Anapanga mkutano mkubwa kwenye hoteli ya Mbezi Beach Jumamosi hii, na kila nikimwuliza baada ya hapo kuna nini, ananiambia, "Baada ya hapo ni kupumzika."

Jana nilienda kwake. Nilibisha hodi mpaka majirani wakatoka. Akafungua, nikaingia, nikamwuliza swali lile lile. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alikaa kitandani akaniambia kitu ambacho hajamwambia mtu.

Kwamba asubuhi ile ulimpigia simu. Kwamba ulimwambia kichwa kinapasuka na jicho moja halioni vizuri. Naye, kwa utani wake ule, akakujibu, "Dada, fikiria mazuri, kitapita." Alipofika kwako ulikuwa sakafuni.

"Nikiacha watu waseme yanayowauma, Zuhura, itabidi na mie niseme la kwangu. Unaelewa?"

Niliketi pale naye mpaka kaka yake alipofika kutoka Kibaha. Anakaa naye sasa. Kumpeleka hospitali, Deo amekataa. Anasema labda baada ya Jumamosi. Kaka yake ameniahidi hataondoka, na asubuhi hii tunakwenda tena kumbembeleza, mie na yeye, na yule daktari wa Mzee Likumbo ameshasema tumlete saa yoyote. Sijui kama atakubali.

Sikuandikii ili umlaumu. Najua usingemlaumu. Ungemsogezea kikombe cha chai, ungesema, "Haya, Deo. Kaa nalo." Nimemwambia hivyo jana kwa niaba yako. Kama nimekosea kusema kwa kinywa chako, unisamehe.

Ukumbi wa Jumamosi umeshajaa watu waliojiandikisha kwa simu, wanatumiana picha za bango. Deo hatapanda jukwaani. Hilo kaka yake amelikubali. Nitapanda mie. Naogopa, maana najua jinsi yale makofi yanavyoweza kumzamisha mtu. Sitaanza na mazuri. Nitasimama kimya mpaka wachoke kupiga, halafu nitawauliza nani kaja na mzigo, na nitangoja. Hata wakiondoka wote akabaki mmoja, nitavuta kiti nikae naye.

Pumzika sasa, Dada Ansila. Mungu wako na Mungu wangu akuweke pema. Acha niinuke, kaka yake Deo anapiga simu.

Wako,
Zuhura