Jicho la Kushoto

Jumapili, jioni

Kocha hakunipanga golini leo. Anasema krosi za kutoka kushoto zinanipita kwa sababu akili yangu iko kwenye ngumi. Nimemwacha aamini hivyo.

Tangu lile pambano la Songea, jicho la kushoto linaona ukungu tu. Promota hajui, na Jumamosi napanda tena ulingoni. Herufi za daktari za kupimia macho nimeshazikariri. Siku zote nilijiambia ndondi zikinishinda nitabaki na mpira, na mpira ukinishinda nitabaki na ndondi. Kumbe vyote viwili…

Nilivyorudi kutoka uwanjani nikamsaidia mama kuchambua kahawa iliyoanikwa kwenye chanja. Nilipomaliza upande wangu, aliutazama kwa muda mrefu.

"Mwanangu, hizi zilizochubuka hapa kushoto hukuziona?"

Nikamwambia nimechoka tu. Alizunguka akaja kusimama kushoto kwangu, akaanza kurudia sehemu niliyoipitia.

Nikasikia rozari yake ya mkononi ikigongana punje kwa punje, karibu kabisa na uso wangu, mara mbili.

Mkono wenyewe sikuuona.