Mama Takwimu, Uliyeuawa kwa Sababu ya Mstari Mwekundu

Mama, mwaka umezunguka tangu wakuue. Wengine huandika "ulipotutoka." Wewe hukututoka! Uliuawa mchana kweupe, na baadhi ya waliokuua tunapanga nao foleni bombani.

Ulikuwa na utani wewe. Baba akilalamika, "Mke wangu, hata kukohoa kwangu unakuhesabu?" unamjibu, "Kohoa tena, nijue kama mstari wako unapanda au unashuka."

Kazi yako ilikuwa kukusanya takwimu za wagonjwa kila mwezi. Wenzako walizituma makao makuu, basi. Wewe ukazichora kwenye ukuta wa zahanati, mstari mwekundu wa watoto wanaoharisha, kila mzazi auone. Ukawabana wahudumu waandike kila mtoto, hata wale waliokuwa wakirudishwa nyumbani bila kuandikwa. Mstari ukapanda. Ukafurahi, maana sasa ulijua mtaa unaokunywa maji machafu, ukapeleka dawa ya kutibu maji huko huko.

Watu mtaani wakaelewa vingine. "Kabla hajaanza kuhesabu, watoto hawakuugua hivi!" Muuza maji akapita akisema dawa yako ni sumu. Wakavunja mlango wa zahanati. Wakakuburuta kwa nywele hadi barazani, na jirani yetu seremala akakupasua kichwa kwa ubao wa benchi la wagonjwa. Nesi aliyejificha chini ya meza alikusikia: "Jamani, chemsheni maji kwanza, mtaniua baadaye." Hata hapo! Jiwe likakuvunja taya, hukusema tena.

Tulipotoka kukuzika, Mjomba alibeba galoni la petroli akachome nyumba ya seremala. Baba akamnyang'anya, wakapigana uani hadi damu. Sisi wanao tulikuwa upande wa Mjomba, usitukasirikie.

Seremala akiwa mahabusu, mkewe alikuja kwetu na mtoto anayeharisha, macho yameshaingia ndani. Zahanati aliiogopa. Baba alikoroga maji ya chumvi na sukari kama ulivyomfundisha, akamnywesha kijiko kwa kijiko, huku akimtukana baba wa mtoto huyo. Kisha akambeba mwenyewe hadi zahanati, akagoma kuondoka mpaka aandikwe.

Yule mtoto anakimbia sasa. Kumwona kunatuuma. Hatujawasamehe, Mama.

Unakumbukwa na mumeo, wanao, mama yako mzazi, kaka yako na wifi zako. Hatutakusahau, wala hatutaacha mtoto wa mtu yeyote apite bila kuandikwa.