Nusu ya Kushoto

Wafula ndugu yangu, salamu kutoka Kangemi kwa shangazi.

Jumatatu ya Pasaka, saa nne asubuhi, nilipoanguka kutoka ile ngazi uliyokuwa umeishika, nilipoteza nusu ya kushoto ya kila kitu ninachotazama. Jana daktari wa hapa mjini alinieleza: macho yote mawili ni mazima. Palipoumia ni kisogoni, pale ubongo unapotengeneza picha.

Alinipitishia picha ishirini upande huo wa kushoto, haraka kama kupepesa jicho. "Mzee, huu ni msitu ama ni barabara?"

"Sioni kitu, daktari."

"Bahatisha tu."

Nikabahatisha kwa hasira, nikapata kumi na saba. Nikamuuliza, bahati ingenipa kumi, hizo saba zingine zimetoka wapi? Akacheka. "Kuna njia nyingine ndogo ndani ya ubongo. Inaona, lakini haikuambii."

Jioni shangazi naye: "Mboga yangu ya sukuma ina sumu? Mbona umeacha nusu ya sahani?"

Daktari amenikataza kabisa msumeno wa umeme. Karakana niliyoianza na nyundo moja sasa itabidi uishike wewe, na mimi sitaiacha kwa mtu nisiyemjua. Msalimie mama, mwambie nakula vizuri. Nawapenda nyote. Lakini Jumamosi ya wiki ijayo, kabla ya saa sita mchana, nipigie kwa simu ya shangazi. Usinianzie habari ya mvua. Ngazi iliteleza, ama uliiachilia?