Shemeki Odette hakuwa kwenye watumaji salama

Likasi, Jumanne jioni.

Baridi ya mwezi wa saba imeshika tangu asubuhi, na vumbi la malori ya madini limeingia hadi kwenye mapazia. Nyumba imenyamaza. Niliporudi kutoka kazini niliwasha redio ili pawe na sauti ya mtu, kisha nikaizima. Inasema tu, haikuulizi kitu.

Tangu tumzike mke wangu, Régine, nilikuwa nimekubali jambo moja: watu huja kwenye matanga, hulia nawe, kisha hurudi kwao. Hata ndugu zake. Hata shemeki wangu Odette, mdogo wake anayeishi Kolwezi, ambaye zamani hakuacha kutuandikia. Baada ya msiba, kimya. Ni kweli simu yangu iliibwa soko la Kikula na namba zote zikaenda nayo. Lakini anwani yangu ya barua pepe ni ileile. Nikajiambia: angetaka, angeandika.

Nilimkasirikia. Sikumwambia mtu.

Leo nikiwa bohari, pale ninapotunza vipuri vya kiwanda, Mama Sabine wa ofisi ya mishahara alikuja akasimama mbele ya meza yangu. Hakusalimia.

“Papa Ngoie, weye uko na kisirani na minye? Nilikutumia mwaliko wa mariage ya mutoto wangu. Nikarudilia tena. Hata kunijibu?”

Niliapa kwamba sikuona mwaliko wowote wa arusi. Aliniangalia usoni, akaona sisemi uongo, akavuta kiti na kugeuza kompyuta upande wake. Akafungua mipangilio ya barua pepe. Akatikisa kichwa.

“Lakini Papa, weye mwenyewe njo ulifunga mulango.”

Akanionyesha. Programu ilikuwa imeamriwa kupokea barua kutoka kwa watumaji salama peke yao. Yeyote asiye kwenye orodha hiyo, barua yake inatupwa kwenye folda ya taka. Na kwenye orodha yangu zilikuwamo anwani za kazini tu; mwaliko wake aliutuma kwa anwani yake ya nyumbani.

Hapo nikakumbuka. Wiki zile za msiba sanduku langu lilijaa matangazo, bahati nasibu za uongo, manabii wanaouza mafuta ya baraka. Asubuhi moja nilichoka, nikaweka alama kwenye kisanduku fulani ili takataka zikome. Zikakoma. Sikuelewa kwamba programu ingemhesabu kuwa takataka kila mtu ambaye sikumtaja. Na kwa kuwa barua za kazi ziliendelea kuingia, sikushuku chochote.

Mama Sabine alifungua folda ya taka. Katikati ya bahati nasibu lilikuwamo jina la Odette. Likaja tena. Na tena.

Alipoona uso wangu alisimama taratibu, akasema anaenda kutafuta chai.

Nilisoma peke yangu. Kwanza Odette ananiuliza kama ninapata usingizi. Halafu ananitumia picha ya Régine akiwa msichana, amevaa sare ya shule, siku aliyoanza masomo Mulungwishi. Halafu anauliza kama atafanya vibaya akija Likasi kulala kwangu, aende makaburini. Barua ya mwisho ilikuwa fupi: “Shemeki, kama hautaki tena kutuona sisi ba famille ya Régine, sema tu. Hatutakusumbua.” Chini yake, namba yake ya simu.

Kwa hiyo Kolwezi nako kulikuwa na mtu aliyekaa akinisubiri, akiamini kwamba nimemsahau.

Nilibofya jina lake na kumwongeza kwenye watumaji salama. Kisha nikaongeza la Mama Sabine. Kisha nikaondoa ile alama yenyewe, manabii waje tu, nitawafuta mmoja mmoja kwa mkono wangu. Nilianza kumwandikia Odette, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Nikanakili namba.

Nimempigia hapa nyumbani, nikiwa bado na koti mwilini.

“Ni nani?”

“Ni minye. Shemeki wako wa Likasi.”

Nikamweleza yote haraka haraka, folda, orodha, alama, kama mtu anayejitetea mbele ya jaji, na hata mimi nilisikia jinsi maneno hayo yalivyokuwa madogo. Nikasikia anapenga kamasi.

“Umekula?” akauliza.

Nyumba hii haijasikia swali hilo tangu Régine aondoke. Nilitaka kusema ndiyo, nimekula bukari, ugali wetu, na samaki, asipate wasiwasi. Nikashindwa. Nikamwambia bado sijawasha hata makala, yale makaa ya kupikia.

“Basi washa. Minye niko, usikate simu.”

Nikafungua spika, nikaiweka simu juu ya meza ya jikoni, nikamwaga makala kwenye mbabula, jiko letu la makaa. Alibaki kwenye laini, nikimsikia akipumua, mpaka maji yakachemka.