Tumbo Langu Lina Wageni

Jumatatu, 2 Juni 2025

Kliniki leo. Vidonge vya kichwa, vya kutuliza sauti, ni vilevile. Ila nesi Marcelina ameniongezea pakiti za unga — bakteria wazuri wa tumboni, kama wale wa kwenye mtindi. Ati tumbo na kichwa vinazungumza. Nikamwambia kichwa changu kimeshapata wazungumzaji wa kutosha. Alicheka mpaka akavua miwani. Siku nyingi sijamchekesha mtu.

Kisha akakaza uso. Wataalamu bado wanachunguza, hii ni nyongeza tu, vidonge nisiache. Na unga nisitie kwenye uji wa moto.

Nimerudi nyumbani Bangwe kwa miguu. Aliyenisalimu njiani ni muuza samaki, migebuka, peke yake, akidhani nanunua.

Jumatano, 4 Juni

Wifi Leonida ameziona pakiti. Nikasema ni za tumbo. Akakaa juu ya ndoo, akashukuru Mungu. Kumbe siku zote lilikuwa tumbo! Jioni kaka Marcel, mumewe, naye akasema — tumbo likichafuka, kichwa kitapona wapi?

Nilitaka kuwasahihisha. Kisha wifi akaniita nile nao, sahani moja. Tangu niugue, chakula changu huletwa huku chumba cha uani, kimefunikwa. Nikanawa mikono, nikaketi nao.

Jumapili, 8 Juni

Nina wageni. Mimi! Mgonjwa wa tumbo hujuliwa hali. Mgonjwa wa kichwa hujadiliwa.

Yunisi amekuja, mwenzangu wa kwaya, na mtindi wa kwao Kalinzi. Hajakanyaga hapa tangu siku ile nilipogombana na sauti zangu katikati ya misa. "Mwakeye, dada," akanisalimu kwa Kiha, kama vile tuliachana jana. Akauliza kama naharisha au nimefunga choo. Nikachagua kufunga choo. Akanishauri mapapai kwa kirefu, nami nikasikiliza kila neno.

Alipoondoka nililia. Nilikuwa nimemmisi vibaya.

Alhamisi, 19 Juni

Jumuiya yetu ya kanisa watasali kwetu Jumapili hii. Zamu yetu ilikuwa ikifika wanaturuka, na hakuna aliyesema kwa nini. Sasa ni sala ya shukrani: Eufrasia, yaani mimi, amepona tumbo. Kaka amenunua soda.

Ila wifi amechukua vidonge vyangu vya kichwa, amevifungia kabatini sebuleni. Wageni wakiviona wataanza maneno. Na tumbo likishapona, vya nini tena? Nikasema nesi amekataza kuacha. Akasema nesi haishi hapa.

Hana roho mbaya, wifi. Kachoka kuonewa huruma sokoni. Ningeweza kugomba. Lakini kikombe changu sasa kimepangwa pamoja na vyao, na naogopa kukiona kimetengwa tena.

Jumamosi, 21 Juni

Unga nakunywa na mtindi, bila kukosa. Tumbo safi kabisa. Usingizi hakuna.

Jumapili, 22 Juni

Wamejaa sebuleni na uani. Wameimba, wamesali, sasa wanakula. Mwenyekiti, mzee Selestini, amesema baada ya chakula nisimame nitoe ushuhuda. Nikasingizia kufuata kitenge, nikaja chumbani.

Nimemsikia Yunisi ananiita mlangoni. Eufrasia, Eufrasia, taratibu, kwa upendo. Nimefungua. Hakuna mtu. Yunisi yuko kule mkekani, anamenya ndizi, hata hajainua kichwa.

Nimefunga mlango. Ameita tena.

Vidonge viko kabatini. Ufunguo uko kiunoni kwa wifi. Niombe mbele yao wote, wajue ni kichwa — nani atabaki mkekani? Nisipoomba, nitatoa ushuhuda gani, na kwa sauti ya nani?

Wifi amesimama uani, ananiita. Huyu ni yeye kweli, namwona midomo kupitia dirisha. Wageni wote wamegeuka kutazama mlango wangu, wanatabasamu. Pembeni ya Yunisi wameniachia nafasi.