Kisima Nilichokichora Bila Kukiona

Jumatatu, 6 Agosti 2001
Tumeunganishwa! Ramani za visima nilizochora kwa wino kwa miaka kumi na tisa, sasa zimo kwenye kompyuta kuu hapa Dodoma – wanaiita seva – na ofisi ya Kondoa wanazifungua kwa laini ya simu. Hombolo pia. Elieth, injinia wetu, kanieleza: mzee Bartolomayo, hakuna tena ramani yako na yangu. Ni moja, wote tunachota humo. Nikaitikia. Kabati langu limebaki na vumbi tu.

Alhamisi, 9 Agosti
Mwantum wa ofisi ya Kondoa kapiga simu. Shikamoo, halafu swali: kisima cha Kwaisanga kina pampu gani? Mtambo wa kuchimba visima unapangiwa vijiji, na Kwaisanga imerukwa. Ramani inasema wana maji. Lakini mama mmoja wa huko kamletea dumu la maji ya tope mpaka mezani.
Nikasema nitaangalia. Niangalie nini? Mwaka 1988 Landrova ilitufia njiani, hatukufika. Mtu tuliyekutana naye alisema kisima kipo. Nikachora. Kiduara cha buluu, safi kabisa.

Ijumaa, 10 Agosti
Nimeingia kwa Elieth mara mbili. Kwanza nikauliza habari za watoto. Kisha nikaomba chai.
Miaka kumi na tatu nimejiambia kiduara kile hakijamdhuru mtu. Wamekunywa nini muda wote huo?
Mke wangu Hana kaniuliza: unastaafu mwakani, unaogopa nini? Jina langu liko chini ya kila ramani.

Jumatatu, 13 Agosti. Saa nne na nusu
Orodha ya vijiji vya mtambo inafungwa leo saa sita. Nimemwambia Elieth yote. Kaniuliza: “Na vingine vya safari ile, mzee? Ulivifikia?”
Sikulitegemea hilo! Vinne nilivifikia. Viwili – sijui. Kweli sijui.
Kanipisha kwenye kiti chake. Nimefuta Kwaisanga mwenyewe. Dakika chache baadaye, Mwantum simuni: “Mzee, kimeondoka! Nimefungua upya, hakipo!” Anacheka kwa furaha.
Elieth kaenda kumwita mkuu wa ofisi. Mbele yangu kuna kiduara cha mojawapo ya vile viwili, kando ya shule. Shule naikumbuka, hata rangi ya mlango. Maji siyakumbuki. Nasikia viatu vya mkuu koridoni, na mshale wa kompyuta bado uko juu ya kile kiduara, sijakifuta –